Niliitangaza kwa Maiki

Nilitoa siri ya rafiki yangu wa utotoni mbele ya banda zima la video, kwa maiki, katikati ya filamu, ili watu wacheke. Walicheka. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa benchi la nyuma. Sikuwa nimelewa, sikulazimishwa, wala hatukuwa na ugomvi. Nilifanya kwa akili zangu timamu, na kwa muda mrefu baadaye niliamini kwamba usiku ule nilifanya kazi nzuri.

Filamu yenyewe ni Stand by Me. Ilitoka mwaka 1986, ikaongozwa na Rob Reiner, na imetokana na hadithi ya Stephen King iitwayo The Body, iliyochapishwa mwaka 1982. Inahusu wavulana wanne, Gordie, Chris, Teddy na Vern, wa miaka kumi na miwili hivi katika mji wa kubuni wa Castle Rock, jimbo la Oregon, Marekani, mwishoni mwa kiangazi cha 1959. Wanasikia kwamba maiti ya mtoto wa rika lao iko porini kando ya reli. Alikwenda kuchuma matunda, treni ikamgonga, watu wazima wanamtafuta na hawajampata. Wavulana wanawadanganya wazazi, wanafunga safari kwa miguu kufuata reli ili wakamwone. Hicho ndicho kisa chote. Wanakwenda, wanamkuta, wanarudi.

Mimi na rafiki yangu tulikulia Kilosa, mji uliokaa kando ya Reli ya Kati, na utoto wetu ulipita juu ya mataruma. Tulipokuwa wadogo tuliweka sikio kwenye chuma kusikiliza kama treni inakuja. Nilipoipata kanda ya filamu hiyo na kuona watoto wanne wakitembea juu ya reli, niliona ni filamu yetu. Kwa hilo nilikuwa sahihi, na ndiyo sababu kosa langu lilimuumiza mtu.

Miaka ya mwanzo ya 2000 nilikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Wa rika langu wanakumbuka mabanda yale: kuta za mabati na magunia, mabenchi ya mbao, runinga moja iliyoinuliwa juu ili hata wa nyuma aone, deki, spika mbili, na joto. Kiingilio kilikuwa shilingi 100. Mtafsiri alikaa ubavuni mwa runinga na maiki yake. Wazungu wakianza kuzungumza anapunguza sauti yao na kuwasemea kwa Kiswahili, ngumi zikianza anaipandisha na kunyamaza. Wengi wetu tulijifunza kwa kusikiliza kanda za mtafsiri Lufufu wa Dar es Salaam, na kwake tuliona kwamba mtafsiri hodari haishii kwenye yanayosemwa. Anaongeza. Jambazi anapewa jina la mtaani, steringi, yaani shujaa wa filamu, anapitishwa sokoni kwetu, na mabishano ya Los Angeles yanageuka kuwa mabishano ya kijiweni. Watu walipenda kusikia kwao ndani ya filamu ya ugenini. Mtafsiri aliyejua kuwachekesha ndiye aliyejaza banda, na mwenye banda alimlipa kulingana na watu walioingia.

Kiingereza changu kilikuwa cha kidato cha nne. Mengine niliyaelewa, mengine nilibuni. Kwa filamu za Schwarzenegger nilimudu, kwa sababu karibu kila kitu kilionekana kwa macho. Stand by Me haiko hivyo. Ina treni inayowakurupusha darajani, ina ruba kwenye dimbwi la maji, ina bastola mwishoni, lakini sehemu kubwa ni watoto wanaotembea na kuongea.

Kisha kulikuwa na suala la steringi. Bandani lazima watu wajue mapema steringi ni nani, la sivyo wanaanza kuuliza kwa sauti. Niliamua ni Gordie. Ndiye anayesimulia, ndiye anayenyanyua bastola mbele ya Ace na genge lake la wahuni, ndiye anayebaki hai na kuwa mwandishi. Chris Chambers, aliyeigizwa na River Phoenix, tunaonyeshwa habari ya kifo chake mwanzo kabisa, gazetini: wakili aliyechomwa kisu mgahawani. Kwetu steringi hafi. Kwa hiyo Chris nilimfanya rafiki wa steringi, kijana wa familia ya wezi, mwenye vituko, wa kuchangamsha banda.

Sasa siri yenyewe. Tulipomaliza darasa la sita, rafiki yangu ndiye aliyekuwa mtunza fedha wa darasa. Tulichanga hela za karatasi za mitihani ya mwaka unaofuata, tukaziweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo likakaa kwao wakati wa likizo kwa sababu darasa letu halikuwa na kufuli. Likizo ile mama yake aliugua. Baba hakuwepo. Rafiki yangu akachota kwenye kopo. Alinieleza mimi peke yangu, jioni moja nyuma ya stesheni, na hakulia. Alisema tu kwamba amechukua na hajui atarudishaje. Kesho yake akaanza kuuza maembe kwenye madirisha ya treni ya abiria. Nilimsaidia kubeba ndoo. Kila jioni alikuwa akitumbukiza sarafu kwenye kopo na kulitikisa kidogo, kana kwamba sauti itamwambia kiasi kilichobaki.

Hatukulizungumzia tena. Tulikua na jambo lile kati yetu, na sasa naamini ndilo lililotufanya tuwe marafiki hasa, si kucheza pamoja wala kukaa dawati moja.

Usiku wa onyesho banda lilijaa. Wavulana wa kwenye filamu wamelala porini, Chris yuko zamu na bastola. Gordie anaamka kutoka kwenye ndoto mbaya kuhusu kaka yake Denny aliyekufa kwa ajali, kisha yeye na Chris wanakaa wawili kuzungumza. Ni maongezi marefu na ya taratibu. Nilishika kwamba zimetajwa hela za maziwa, zile wanafunzi wanazotoa ili wapate maziwa shuleni. Mengine yalinipita. Mtafsiri akinyamaza muda mrefu, miluzi inaanza, na ile ya kwanza niliisikia kutoka benchi la mbele. Kichwani likanijia kopo.

Nikamsemea Chris kwamba ameiba mchango wa darasa kwenye kopo la maziwa. Nikasema amekwenda kuuza maembe stesheni akijifanya mfanyabiashara mkubwa. Nikampa sauti ya rafiki yangu, ile ya kukwaruza, na lile neno lake la kuanzia kila sentensi ambalo mtaa mzima ulikuwa ukilijua. Mtu mmoja akalitaja jina lake. Wengine wakageuka nyuma kumtazama. Banda likacheka kwelikweli. Kwenye runinga River Phoenix alikuwa ameanza kulia, na mimi nilipoona machozi nikasema analilia ndoo yake ya maembe.

Kati ya yote niliyosema usiku ule, hilo la machozi ndilo linaloniuma zaidi.

Hakutoka. Alikaa mpaka mwisho, akanisaidia hata kukunja nyaya. Nilichukulia kwamba ameufurahia utani. Nilimwuliza, "Umeionaje?" akasema, "Watu wamecheka." Nikaondoka nikiwa na furaha.

Wakati huo alikuwa anashika duka la jumla la mfanyabiashara mmoja pale mjini. Funguo alikuwa nazo yeye. Jina la Kopo, alilopewa baada ya usiku ule, lilimfikia dukani haraka sana. Tajiri wake hakumtuhumu. Alianza kuhesabu mauzo mwenyewe kila jioni, baadaye akachukua funguo, baadaye akasema biashara imepungua. Upatu ambao wenzake walikuwa wakimkabidhi nao ukahamia kwa mtu mwingine. Akaenda Ifakara kulima mpunga kwenye shamba la mjomba wake. Hakuniaga. Haya niliyapata miaka mingi baadaye kwa kuuliza watu, kwa sababu wakati yanatokea sikuuliza.

Nilijiambia kwamba maisha yametutenganisha, na filamu yenyewe ikanipa kisingizio. Karibu na mwisho msimulizi anaeleza jinsi Teddy na Vern walivyofifia taratibu, wakawa sura za kupishana nazo shuleni. Niliipenda sehemu hiyo. Nilikuwa nikiisimulia kwa watu kama ushahidi kwamba urafiki wa utotoni huisha wenyewe na hakuna wa kulaumiwa. Niliisema sana, mpaka ikawa moja ya mambo ninayojulikana kwayo.

Miaka ikapita. Niliacha maiki, nikaanza kuandika kuhusu filamu. Siku moja niliombwa kuzungumza na vijana juu ya urafiki kwenye sinema, nikachagua Stand by Me kwa sababu niliamini naijua yote. Usiku, watoto wakiwa wamelala, nikaitazama kwenye kompyuta nikiwa na hedifoni. Kiingereza sasa kinanitosha. Ilikuwa mara ya kwanza kuisikia ile sehemu ya usiku bila sauti yangu juu yake.

Chris anasema hela za maziwa alichukua kweli. Hakuna mtu aliyewahi hata kumwuliza, walimsimamisha shule siku tatu wakijua tu ni mtoto wa akina Chambers. Kisha anaongeza kwamba labda alijuta. Labda alizirudisha zote kwa mwalimu wake, bibi mmoja mtu mzima, akamweleza. Labda hela hazikuonekana tena, na labda wiki iliyofuata yule mwalimu alikuja shuleni na sketi mpya. Anajificha nyuma ya "labda" kila hatua, kama mtoto aliyezoea kutosadikiwa, anayeacha mlango wazi wa kukimbilia iwapo na huyu naye atamcheka.

Gordie hacheki. Haulizi ushahidi, wala hampi pole. Anasema sketi ilikuwa ya kahawia na ina madoa.

Nilisimamisha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Jibu lenyewe ni fupi mno, linapita kama pumzi. Lakini baada ya jibu hilo Chris anaacha "labda". Anasema waziwazi kwamba aliiba, na kwamba mwalimu naye akaziiba kutoka kwake, na hapo ndipo machozi yanapotoka. Halii kwa sababu ya kukamatwa. Analia kwa sababu ameaminiwa. Gordie alikuwa ameiona ile sketi, akaikumbuka, akampa mwenzake kumbukumbu hiyo kwa wakati aliouhitaji.

Nilivua hedifoni nikakaa. Pale Gordie anapotaja rangi ya sketi, mimi nilikuwa nikitaja maembe. Mahali palepale, sekunde zilezile. Na mimi pia nilikuwa shahidi. Nilikuwepo stesheni, nilibeba ile ndoo, niliona sarafu zikiingia kwenye kopo. Nilikuwa mtu pekee ambaye angeweza kusimama na kusema kwamba alilipa. Nilipopewa maiki nilisema aliiba, nikaishia hapo.

Reiner amesimulia kwamba River Phoenix, aliyekuwa na miaka 14 upigaji picha ulipoanza mwaka 1985, alitatizika na sehemu ile, ndipo yeye Reiner akamwambia amkumbuke mtu mzima muhimu kwake aliyewahi kumwangusha. Mvulana hakutakiwa kumtaja. Alikwenda akamkumbuka, akarudi, tukapata tunachokiona. Nilipojua habari hiyo nilizidi kuona uzito wa nilichokifanya, maana machozi niliyoyafanyia mzaha yalikuwa na mtu wa kweli nyuma yake, kama hadithi niliyoipachika juu yake.

Filamu yenyewe ilikuwa imeshanionya. Kuna yule mlinzi wa jalala la magari, Milo Pressman, mwenye mbwa anayeogopwa mji mzima. Watoto wanapomtorokea upande wa pili wa uzio, anamwita baba yake Teddy kichaa, mbele ya wenzake. Baba huyo alipigana vita, akarudi na akili iliyovurugika, akalichoma sikio la mwanawe kwenye jiko, na Teddy bado anamtetea kwa kila pumzi. Milo anajua mahali panapouma, anapabonyeza, kisha anarudi kwenye jalala lake, na Teddy anatembea sehemu iliyofuata ya safari akilia. Bandani nilimtafsiri Milo vizuri sana. Watu walimzomea na mimi nikiwaongoza.

Nilikosea pia juu ya nani anayekua. Gordie hakui kwa sababu ameona maiti. Anakua kwa sababu Chris hamwachi. Kwenye reli Chris anamwambia asiende kusoma kozi za ufundi ili tu awe nao. Ana kipaji cha hadithi, na kama wazazi wake wamezama kwenye msiba kiasi cha kutokiona, basi pengine yeye Chris afanye kazi hiyo ya kukilinda. Mtoto wa miaka kumi na miwili anajitolea kumlea mwenzake. Wanapomkuta yule marehemu, Gordie anavunjika na kusema baba yake anamchukia. Chris anamkatalia: baba hamjui tu. Ndipo unapoona kwamba mazungumzo ya usiku yalikuwa deni, na sasa linalipwa. Baadaye Chris naye anaingia kwenye madarasa ya kwenda chuo, anayamudu kwa taabu, anakuwa wakili, na anakufa akijaribu kuamua ugomvi wa watu asiowajua. Anakufa akifanya kazi ileile aliyokuwa akiifanya porini. Na mimi huyo nilimwita mwizi mcheshi.

Huenda wewe hujawahi kushika maiki ya banda. Lakini una kundi la WhatsApp la mliosoma pamoja, au utaombwa kusema machache kwenye sendoff ya mtoto wa rafiki yako, na jambo la kuchekesha kuliko yote unalolijua kumhusu litakuwa ni lile alilokuambia peke yako. Halitakujia kama siri. Litakujia kama hadithi nzuri, watu wakiwa wanasubiri, na utaamini kwamba kwa kuwa ni zamani na mmeshakuwa watu wazima, haliwezi kumdhuru. Mimi niliamini hivyo. Angalia pia unachokiacha ukisimulia. Mimi nilisimulia wizi, nikaacha malipo, kwa sababu malipo hayachekeshi.

Nilikwenda Ifakara msimu wa mavuno. Nilimkuta anaanika mpunga kwenye turubai, anaugeuza kwa miguu, mistari baada ya mistari. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, tukawataja waliofariki. Kisha nikasema, "Kaka, nimekuja kwa ajili ya ile siku ya banda."

"Ya kopo," akasema. Hakuhitaji kufikiri.

Nikamwambia nilikosea, na kwamba imenichukua muda mrefu kulijua. Sikutaja filamu. Alimaliza mstari wake, akageuka.

"Kuchukua nilichukua, kaka. Hapo hukunisingizia. Kulipa mbona hukusema?"

Sikuwa na jibu, na sijalipata. Aliniitia chai, mkewe akaleta na mihogo, jioni akanisindikiza stendi. Tunapigiana simu sikukuu na misiba. Hajawahi kuniita tena kwa jina la utani la utotoni, na mimi sijaliomba. Kilosa niliwatafuta niliowajua wa wakati ule nikawaeleza ilivyokuwa. Wengi walikuwa wamesahau habari ya hela. Jina la Kopo hawakulisahau. Tajiri wa lile duka alikwisha kufariki.

Nilipotaka kuandika haya nilimwomba ruhusa. Aliniambia niandike, nisitaje jina lake, lakini niandike jambo moja ambalo nililiona kwa macho yangu. Naliandika. Siku shule ilipofunguliwa Januari, mwalimu wetu wa darasa alimimina lile kopo juu ya meza na kuhesabu mbele yetu sisi wawili. Baadhi ya sarafu zilikuwa zimegandana kwa utomvu wa maembe, akawa anazibandua kwa ukucha wa kidole gumba na kuzipanga mafungu mafungu. Alihesabu mara mbili, akaandika kwenye daftari la michango, akatia sahihi. Zilitimia zote.